Aliyepiga drams kwa Little Walter

Kaka, uliyeuliza nani yuko kwenye drams za "My Babe", wimbo wa Little Walter, mpiga hamonika wa bluzi (1955): ni Fred Below, mtoto wa Chicago. Watu humsifu Walter na hamonika yake, ila jaribu kuiondoa ile drams kichwani uone kitakachobaki.

Below alikuwa mtu wa jazi. Alipotoka jeshini alisomea ngoma, kisha akaingia kwenye bluzi, muziki uliokuwa na njia zake tofauti kabisa na alizozoea. Ndiyo maana toazi lake halitulii: linatembea, linayumba kidogo, huku mkono mwingine ukigonga pigo la pili na la nne katika kila mapigo manne bila huruma. Sikiliza kwa spika nzuri, si ya simu, utaelewa ninachosema.

Na hata kama bluzi si yako, umeshamsikia. "Johnny B. Goode" ya Chuck Berry, yule nyota wa rock and roll, 1958? Ni yeye huyohuyo. Dunia nzima imecheza kwa mkono wake, halafu jina ukilitaja watu wanakutazama tu. Alifariki 1988. Mimi naanzaga na rekodi zake na bendi ya The Aces, pamoja na ndugu wawili, Louis na Dave Myers, kwenye magita.