Mkiambiwa "nusu ya watumishi ni wanawake", ulizeni nani anakaimu

Umeuliza kamati ya wanawake katika idara ya serikali ianzie wapi kudai usawa wa kupandishwa vyeo, maana mwajiri amewajibu kwamba nusu ya watumishi wake ni wanawake. Jibu hilo lisiwanyamazishe. Nusu hiyo inaweza kuwa imerundikana masijala na mapokezi.

Ombeni kwa maandishi ikama, yaani idadi ya watumishi katika nafasi zao, iliyogawanywa kijinsia kwa kila daraja, pamoja na idadi ya waliopandishwa cheo kwa miaka 5. Mwaka mmoja hautoshi: daraja likiwa na watu wachache, akipanda mmoja tu asilimia yote inapinduka. Majina msiyaombe, mtanyimwa kwa hoja ya siri za watumishi.

Kisha kokotoeni kiwango. Tuseme waliotimiza sifa za kupanda ni wanaume 60 na wanawake 30, wakapanda wanaume 18 na wanawake 6. Mkisema 18 kwa 6 mtajibiwa kwamba wanaume ni wengi, na hoja imekufa. Semeni asilimia 30 kwa 20. Pandeni hivyo daraja kwa daraja mpaka mwone pengo linapoanzia.

Mara nyingi chanzo ni kukaimu, yaani kushikilia cheo kwa muda, na hapa ndipo ningeweka nguvu zote. Mtu anaweza kukaimishwa kwa barua tu ya mkuu wake, bila tangazo wala usaili, halafu muda ule unahesabiwa kuwa uzoefu siku ya kugombea cheo chenyewe. Mwanamke anaambiwa hana uzoefu wa uongozi, na kweli hana, kwa sababu hakupewa! Daini kila nafasi ya kukaimu inayozidi miezi 3 itangazwe ndani ya idara. Dai hilo halihitaji bajeti, hivyo ni vigumu kulikataa.

Angalieni pia fomu za tathmini. Aliyekuwa likizo ya uzazi akipimwa kwa malengo ya mwaka mzima, alama zitashuka tu. Malengo yapunguzwe kulingana na miezi aliyokuwa kazini. Kama nchi yenu imeridhia Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake wa 1979, nukuuni kifungu cha 11, kinachotaja waziwazi haki ya kupandishwa cheo.

Na kila tangazo la nafasi litunzeni nakala siku hiyohiyo linapobandikwa. Likishaondolewa ubaoni, anayelalamika kwamba sifa zilibadilishwa katikati ya mchakato hana cha kuonyesha.