Ukiagiza mvinyo Malindi, lipite jina kubwa

Kila anayeniuliza anunue mvinyo gani wa harusi au wa Krismasi huja na jibu lake mfukoni: Cabernet, Merlot, na akijitutumua sana, Chardonnay. Ndiyo majina ya zabibu aliyoyasikia. Kazi yangu ni kufungua chupa katika mkahawa wa Kiitaliano hapa Malindi, na ushauri wangu ni mmoja: kwa pesa hiyo hiyo, chukua zabibu usiyoijua. (Wewe ambaye dini yako haikuruhusu, tusameheane. Makala ijayo ni ya pweza.)

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Jina likishajiuza lenyewe, mwenye kutengeneza chupa ya bei nafuu hahangaiki sana na kilichomo ndani. Anayeuza Falanghina, zabibu ya Italia wengi wasiyoijua, hana jina la kumbeba, kwa hiyo asipotia ladha ndani ya chupa, hauzi. Hilo halitokei kila mara, lakini hutokea mara nyingi kiasi cha kuaminika.

Halafu kuna chakula chetu. Samaki wa kupaka ana tui, ana ndimu, ana pilipili. Mvinyo mwekundu mzito wenye ukakasi ukikutana na pilipili unachochea moto, na ukikutana na samaki unaacha ladha ya chuma ulimini. Afadhali mweupe wa zabibu zilizozoea jua na upepo wa bahari: Vermentino wa Sardinia, Falanghina wa Campania, Grillo wa Sicily, wote wa Italia. Huyo Grillo ni mtoto wa zabibu mbili, Catarratto na Zibibbo, na zamani kazi yake kubwa ilikuwa kutengenezea Marsala, ule mvinyo uliokolezwa pombe kali. Siku hizi hutengenezwa mkavu, na kwa kamba wa kuchoma sijaona mfano wake. Kwa pweza wa nazi nachagua Vermentino, maana una uchungu kidogo mwishoni unaokata mafuta ya tui.

Ukitaka mwekundu, ulizia Frappato, zabibu ya Vittoria kule kule Sicily. Ni mwepesi, na ukakasi wake ni mdogo. Uweke kwenye friji nusu saa kabla ya kuumimina, na mhudumu akikucheka mwache acheke. Kwamba mvinyo mwekundu hunywewa kwa joto la chumba ni maneno ya watu wenye vyumba vya baridi. Chumba cha Malindi mwezi wa Februari ni nyuzi thelathini na ushee.

Sasa tuje kwa chotara wa mizabibu ya spishi tofauti, ambao wateja wangu wengi huwakunjia uso kabla hata ya kuonja. Karibu mivinyo yote maarufu duniani inatokana na spishi moja ya mzabibu, Vitis vinifera. Marekani ina mizabibu yake ya mwituni. Katika karne ya 19 kidudu kiitwacho filoksera kilivuka bahari kutoka huko, kikaangamiza mizizi ya mashamba ya Ufaransa. Wakulima wengi walipandikiza mizabibu yao juu ya mizizi ya Kimarekani inayokistahimili kidudu hicho. Wengine wakazalisha chotara kabisa. Miaka ya 1930 Ufaransa ikapiga marufuku baadhi ya zabibu zenye damu ya Kimarekani, Isabelle ikiwemo, na hadi leo Umoja wa Ulaya hauruhusu Isabelle itengenezewe mvinyo wa kuuza. Hata hivyo wazee wa Kiitaliano hapa mjini, wakishapiga grappa, pombe kali ya kwao, mbili tatu, huanza kuulizia fragolino, mvinyo wa zabibu hiyo waliokuwa wakitengeneza babu zao nyumbani, wenye kunukia stroberi. Ukiona chupa dukani yenye jina hilo, soma lebo nyuma: mara nyingi ni mvinyo wa kawaida uliotiwa ladha.

Harufu hiyo isikutishe. Ndiyo ya zabibu ya Concord, aliyoiotesha Ephraim Bull kule Massachusetts mwaka 1849, na ndiyo iliyo kwenye juisi na jemu za zabibu za Kimarekani. Wapo wasioivumilia. Mimi niliyekulia jirani na mangwe, kilabu cha mnazi, nikinusa mnazi mkali kila jioni, sioni cha kuniogopesha.

Na si chotara wote wanaonukia hivyo. Chambourcin, chotara wa Kifaransa, ni mwekundu wa kawaida kabisa, tena unakubaliana na mishikaki. Vidal ndio Wakanada wanaouacha ugande kwenye mzabibu wakapata mvinyo mtamu kama asali. Marquette ulitolewa na Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 2006 kwa ajili ya baridi kali ya huko. Chotara wengi hustahimili ukungu, hivyo shamba halihitaji kupuliziwa dawa nyingi, na mwaka 2021 Umoja wa Ulaya uliwafungulia mlango hata kwenye mivinyo yenye majina ya maeneo yanayolindwa. Karibu nasi zaidi, kwenye vilima vya Fianarantsoa huko Madagaska, mvinyo wa chotara ni jambo la kawaida. Ukipata jamaa anayetoka huko, mwagize.

Jamaa akitoka Tanzania, mwagize wa Dodoma. Kule mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na zabibu nyekundu iliyozoeleka inaitwa Makutupora. Anza na ule mkavu. Mtamu uache kwa wanaopenda soda.

Lakini zabibu hata iwe nzuri namna gani, joto la hapa linaiua. Usinunue chupa iliyosimama dirishani mwa duka, wala iliyo rafu ya juu karibu na mabati. Kizibo kikiwa kimejitokeza nje au kuna utelezi wa mvinyo shingoni, rudisha. Kwa chupa za bei ya kati mimi huchagua zenye kifuniko cha kuzungusha. Hazina mbwembwe, ila hazivuji ovyo.

Mkahawani, mwambie mhudumu unakula nini na una shilingi ngapi, kisha uliza kama kuna chupa iliyokwisha kufunguliwa uonje. Wengi wetu tunayo. Ukinunua ya nyumbani isiishe, ifunike na uirudishe kwenye friji, hata kama ni mwekundu. Siku ya nne itie kwenye sufuria ya kaa.