Maswali ya Wasomaji: Pahala pa Kusimamisha Hema

Swali: Asalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Wete. Likizo ya Disemba tunataka kuwapeleka vijana 12 ufukwe wa Vumawimbi, kaskazini mwa Pemba, tukalale huko siku mbili, na walimu tutakuwa 3. Mahema tunayo. Tuyasimamishe karibu na maji au ndani kwenye miti?

Jibu: Waalaykumu salaam, mwalimu. Kabla ya kuchagua pahala, chagua tarehe. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huwa bamvua, yaani maji hujaa na kutoka kupita siku nyingine, na kwetu bamvua hujaa mnamo saa kumi, jioni na tena usiku. Hayo ya usiku yatawakuta usingizini. Wengi hujipima kwa mstari wa mwani mbichi uliotupwa ufukweni, na hapo ndipo wanapokosea, kwani mstari ule unaonesha maji ya karibuni tu. Mkifika baada ya maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana, kila siku bahari itapanda juu zaidi. Tafuteni mstari wa juu kabisa, wa mwani uliokauka ukawa mweusi, umechanganyika na vijiti na vifuu, kisha ingieni ndani hatua 15 nyingine.

Msikimbilie kivuli cha minazi. Kuti kavu huanguka hata pasipo upepo, nazi ndiyo usiseme. Hema likae mbali na shina kiasi kwamba mkitazama juu hamuoni kuti wala kole la nazi.

Disemba ni kaskazi, upepo utokao kaskazini-mashariki, na Vumawimbi iko upande wa mashariki wa rasi ya Kigomasha, kwa hiyo upepo mtaupokea usoni. Milango ya mahema ielekee nchi kavu, si baharini. Ukizidi, hamieni Verani, upande wa magharibi wa rasi hiyo hiyo, ambako huwa shwari zaidi.

Vigingi vinavyokuja na hema havifai mchangani: ni vyembamba, kamba ikitikisika vinakata mchanga na kupanda kidogo kidogo mpaka vichomoke. Chukueni vipolo (magunia) vidogo, vinne kwa kila hema, zaidi ya hapo ni vizuri. Jazeni mchanga, fungeni kamba shingoni, fukieni kina cha mkono mpaka kiwiko, kisha mwagieni maji ya bahari na mshindilie kwa miguu. Kamba itoke ardhini kwa mshazari kuelekea hemani, isiende juu wima, maana ikiwa wima inakinyanyua kipolo. Vuteni kwa nguvu mjaribu kabla ya kuingiza mizigo.

Maji ya kunywa na kupikia wekeni lita 5 kwa mtu kwa siku. Watu 15 kwa siku mbili ni lita 150, yaani madumu 8 ya lita 20. Msitegemee visima vya pwani, vingi vina chumvi. Choo kichimbwe mbali na kisima chochote, kwani mawe yetu ya matumbawe yana matundu na uchafu hupenya upesi. Njia ya kufika huko inapita msitu wa Ngezi, na huo ni hifadhi. Msitegemee kuokota wala kukata kuni humo, chukueni mkaa au gesi. Na sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo, aarifiwe mapema, idadi ya watoto na siku za kulala, ili wenyeji wajue ni nani wako pwani yao usiku.

Swali: Mimi na mume wangu tunatoka Unguja kwenda hifadhi ya wanyama ya Mikumi na watoto. Tumeambiwa kuna kambi za umma na kambi maalumu. Ipi inatufaa?

Jibu: Ya umma, dada. Ina vyoo na banda la kupikia mnalotumia pamoja na wageni wengine. Kambi maalumu huwekwa nafasi mapema, mnakuwa peke yenu, lakini hakuna huduma: maji, choo, vyote mnakuja navyo. Kwa mwenye watoto wadogo hilo ni zito.

Kambi hizi hazina uzio. Msisimamishe hema kwenye vinjia vilivyokanyagwa na vyenye kinyesi cha wanyama, wala karibu na pipa la taka, nyani ndiko wanakoanzia. Chakula chote, hata biskuti za mtoto, kilale ndani ya gari. Fikeni jua lingali juu, mpate kuukagua uwanja vizuri. Kibali cha kuingia huhesabiwa saa 24, basi mkiingia saa nane mchana, mna mpaka saa nane ya kesho.