Kwa nini bibi yako hakuchoma sanamu zake

Mwanangu,

Picha nimeiona: babu wa udongo, kafumba macho na kuachama kinywa, watoto wamempanda mabegani, magotini hadi kifuani. Na maswali yako nimeyasoma. Unauliza kwa nini watu wa kule Marekani wana sanamu ya urithi wao inayojulikana hadi ng'ambo, na sisi Wanguu tuliokuwa na sanamu za unyago hatuna hata moja ya kuweka kabatini. Tena unauliza, kwa kuwa unafinyanga kazi ya maonyesho juu ya elimu ya kurithi, kama ni halali kuiga zile za bibi yako, kama uzichome, na kama naweza kukuandikia wimbo mmoja wa kwenda nazo.

Nianze na huyo babu, maana naona umemchukulia kuwa wa kale sana. Ni mdogo wangu huyo. Aliyemfinyanga wa kwanza ni Helen Cordero, mwanamke wa Cochiti, kijiji cha Wapueblo, wenyeji wa asili wa Marekani, katika jimbo la New Mexico, mwaka 1964. Mkusanyaji wa sanaa za kienyeji, Alexander Girard, ndiye aliyemwomba amfinyangie sanamu kubwa ya mtu aliyekaa na watoto. Kwao palikuwa na sanamu ya zamani ya mama anayeimba na mtoto wake. Cordero akamwondoa mama, akamkalisha babu yake mzaa mzazi, Santiago Quintana, aliyesifika kijijini kwa kusimulia, akambandika watoto watano. Baada yake wafinyanzi wengine wa Cochiti na wa vijiji jirani wakafuata, kila mmoja na msimuliaji wake, watoto wakazidi kuongezeka mpaka wengine hujui wameshikilia wapi.

Kwa hiyo alichorithi Cordero ni udongo, namna ya kuuandaa, rangi nyeusi inayopatikana kwa kuchemsha mmea, na lile umbo la mama anayeimba. Babu mwenye watoto watano ni wake. Usije ukasimama mbele ya watu ukasema ni sanamu ya karne na karne.

Halafu lipo jambo kubwa zaidi. Sanamu ile inaonyesha usimulizi, lakini yenyewe haisimulii. Hadithi za mzee Quintana hazimo humo ndani. Ukiitazama mchana kutwa utajua kwamba kulikuwa na mzee na wajukuu walimsikiliza, basi. Nayo iliumbwa ikijua itanunuliwa na wageni. Sioni ubaya, na kazi yenyewe naipenda, hasa yale macho yaliyofumbwa. Ila vitu vya bibi yako vilikuwa na kazi nyingine kabisa.

Kungwi akishika kisanamu mkononi hakuwa anakionyesha kama mtu anayeonyesha picha. Alikuwa anakiimbia. Kila kisanamu kilikuja na wimbo wake, na wimbo wenyewe ulikuwa wa mafumbo, mwali hawezi kuufungua kwa kukodolea macho udongo. Kisanamu kingeweza kuwa mtu, mnyama au chombo cha nyumbani, kimepakwa madoa meupe, mekundu na meusi, na maana yake isiwe juu ya mnyama wala chombo. Mwali anaambiwa, anarudishiwa, anaulizwa, anakosea, anachekwa, anaimbishwa tena. Kisanamu bila wimbo ni kama kufuli ambalo funguo zake ziko kwenye mfuko wa mtu aliyekwisha ondoka.

Mfano sitakupa. Wewe ya jando uliyapata kwa wajomba zako na mimi sikukuuliza hata neno moja.

Hayo ninayokuambia kwa jumla hayavunji kiapo chetu cha kutunza siri za unyago, kwa sababu yamekwisha chapishwa. Nilipokuwa nafanya kazi maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nilikutana na karatasi za Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuja kuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya Tanganyika. Mwaka 1944 aliandika makala kuhusu sanamu za unyago na jando za hawahawa Wanguu, na mwaka 1956 akatoa kitabu kizima kilichogusa pia Wazigua, Wasambaa na wengineo. Sanamu alizokusanya zimo Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam. Nenda ukazione, usinisikilize mimi tu. Cory alikuwa mwangalifu kuliko wakusanyaji wengi: aliandika na nyimbo, pamoja na maana zake kwa ufupi.

Hapo kwenye ufupi ndipo ninaposita. Mwaka huohuo wa 1956, Audrey Richards alichapisha kitabu kuhusu chisungu, unyago wa Wabemba wa Zambia, alioushuhudia mwaka 1931. Nao wana vitu vyao vya udongo, viitwavyo mbusa, chini ya mama mkuu aitwaye nachimbusa. Richards aliona kwamba kitu kimoja kina maana nyingi, na kwamba wanawake wakubwa wa daraja walijua zaidi kuliko wadogo. Mwali anaondoka na maana ya juujuu. Akizaa anapata nyingine. Akianza kuwasaidia wakubwa kuwacheza, yaani kuwafunda, wasichana wengine, nyingine tena. Sasa hebu niambie, ukiandika maana chini ya sanamu kwenye kioo cha makumbusho, umeandika ya daraja lipi?

Jambo jingine alilolishika Richards, ambalo watu wakilisikia hushangaa: wale wasichana walikuwa wanafundishwa kulima na kupika, na wote walikuwa wanalima na kupika tangu utotoni. Hawakupewa maarifa mapya ya jembe. Walipewa namna mpya ya kulibeba jembe, kwamba sasa kazi ileile ni wajibu wa mtu mzima. Ndiyo maana nacheka wanaposema unyago ulikuwa shule kwa kuwa shule za kizungu hazijafika. Mimi nimesoma shule na nimechezwa, na hivyo viwili havikunifundisha kitu kimoja.

Sasa moto. Uliandika kwamba huenda wazee hawakuchoma visanamu kwa sababu ya haraka, au kwa kutojua. Baba, bibi yako alikuwa mfinyanzi! Vyungu alivyotuachia vimepikiwa maharage miaka na miaka. Alijua kupanga kuni na majani, alijua siku ya upepo asiguse kibiriti. Unajua mwenyewe kinachotokea: udongo ukipita nyuzi joto kama 600 maji yaliyofungwa ndani yake yanatoka, na hapo haurudi tena kuwa tope hata uuloweke mwaka mzima. Chungu kinahitaji hivyo. Kisanamu cha unyago hakikuhitaji. Kikishamaliza kazi kilivunjwa kikarudi ardhini, na hilo lilikuwa sehemu ya kazi yenyewe. Wabemba nao wana mbusa ndogo zilizochomwa, ambazo nachimbusa huzitunza, lakini yale maumbo makubwa ya udongo mbichi wanayoyajenga ndani ya nyumba ya chisungu, yanayowachosha wanawake saa nyingi kuyapamba, huharibiwa muda mfupi baada ya kukamilika.

Nimelifikiria hili kwa muda mrefu, na ninavyoona mimi ni hivi. Kitu kikibaki, mtu anaweza kukirithi bila kujifunza lolote: anakipokea, anakifuta vumbi, anakiweka juu ya redio. Kikivunjwa, anayekitaka msimu ujao lazima akae na mwenye kukijua, apewe udongo, aonyeshwe kichwa kinakaaje, aimbe huku anafinyanga. Mikono ndiyo ghala. Na kuna hatari yake, sikufichi: vizazi viwili tu visipokaa hivyo, hakuna kitu. Kabati letu ni tupu kwa sababu hiyo, na mimi na shangazi zako tuliohamia mjini mapema tunahusika pia. Cory alikusanya kwa kuogopa hilohilo. Sina ugomvi naye. Ila aliokoa kile ambacho wenyewe walikuwa hawana haja ya kukiokoa.

Kwa hiyo jibu langu: usiige za bibi yako. Si kwa sababu utapata laana, ingawa shangazi yako mkubwa atakuambia utapata. Ni kwa sababu utakuwa na maumbo bila nyimbo, na watazamaji watadhani wameona kitu. Fanya alichofanya Cordero: chukua mtu unayemjua wewe, aliyekufundisha wewe. Fundi aliyekuonyesha kukanda udongo, kwa nini si yeye? Kama kazi yake ni kutazamwa, ichome bila wasiwasi. Na kama kweli unataka iseme juu ya elimu ya kurithi, basi ningeweka pembeni yake moja ya udongo mbichi, na siku ya kufunga maonyesho ningeiloweka mbele ya watu, tope lake nikampa mwanafunzi aifinyange upya bila picha, na mimi nimekaa naye. Msimamizi wa ukumbi atalalamika sakafu yake inachafuka. Mtandikie turubai.

Watoto, au vyovyote utakavyovibandika kwenye mwili mkubwa, vibandike vikiwa na unyevu uleule wa mwili. Kimoja kikiwa kikavu na kingine kibichi, vitaachana njiani kabla hata ya tanuri. Chana pande zote mbili na upake uji wa udongo katikati. Bibi yako alikuwa hasemi hili, alikupiga kofi la mkono tu ukikosea.

Wimbo sitakuandikia. Dada yako anao, na yeye usimsumbue, atakujibu kama mimi. Nitumie picha ya kazi yako kabla hujaitia motoni, uipige kwa upande, maana katika zile ulizonionyesha mwaka jana vichwa vilikuwa vizito kuliko shingo.

Mama yako