Shangazi, Picha Yangu Imo Mikononi Mwake

Mwezi huu nimeziweka barua tatu pamoja kwa sababu zote zimetoka Tanga na zote zinagusa jambo moja. Yale yote ambayo yangeweza kuwatambulisha walioandika nimeyaondoa.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni msichana wa miaka 16, nasoma kidato cha tatu, na nyumbani kwetu ni Ngamiani. Nilizoeana na kijana mmoja katika Instagram, aliyeniambia kuwa ana miaka 19 na anasoma chuo Dar es Salaam. Alikuwa akinijulia hali asubuhi na jioni kuliko mtu yeyote wa nyumbani. Aliponiomba picha nikiwa sina nguo nilikataa mara mbili. Mara ya tatu aliniambia kuwa simpendi, nikamtumia. Sasa anataka shilingi 50,000, la sivyo ataituma kwa wanafunzi wenzangu na kwa mjomba wangu, ambaye amemwona katika orodha ya marafiki zangu. Nimeshampa 20,000 nilizozitoa katika fedha za mama za vitumbua. Anasema kama sina zilizobaki nikaonane naye gesti siku ya Jumamosi. Silali, na kuna usiku natamani nisiamke. Nifanye nini?*

Marahaba, mwanangu. Jumamosi usiende. Hilo ndilo nililokuandikia faraghani siku ile ile barua yako iliponifikia, na ninalirudia hapa, kwa ridhaa yako, kwa ajili ya mwingine aliyeitwa mahali kama hapo.

Kabla ya habari ya picha, nianze na hayo maneno ya kutamani usiamke. Usibaki nayo peke yako hata usiku mmoja. Yakikujia, mwamshe mama au bibi, ukalale chumba kimoja naye, hata kama bado hujaweza kusema sababu. Ipo pia Simu ya Huduma kwa Mtoto, namba 116, ambayo hupigwa bila malipo mchana na usiku, na anayeipokea ni mtu aliyefundishwa kusikiliza watoto na vijana wenye mambo mazito kama lako.

Sasa tuje kwa huyo anayekutisha. Usimtumie shilingi nyingine wala picha nyingine, hata akikuapia kuwa ni ya mwisho. Zile 20,000 hazikumnyamazisha. Zilimwonyesha kwamba unaogopa na kwamba unaweza kupata fedha, ndiyo maana amerudi akiwa na sharti zito zaidi. Usibishane naye na usimwombe huruma. Vilevile usiyafute mazungumzo yenu kwa hasira au kwa aibu, kwa kuwa huo ndio ushahidi wako: piga picha za skrini zinazoonyesha jina la akaunti yake, vitisho vyenyewe, tarehe na saa, kisha hifadhi ujumbe wa muamala wa zile fedha ulizotuma. Laini za simu nchini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, hivyo namba iliyopokea fedha yako ina mwenyewe anayeweza kutafutwa. Ukishahifadhi hayo, iripoti akaunti yake katika mtandao huo, umzuie, na uifiche orodha ya marafiki zako.

Huenda kijana huyo hana miaka 19, na huenda uso unaouona katika picha zake ni wa mtu mwingine kabisa. Mtu anayetafuta watoto mtandaoni huanza kwa upole, hukuuliza umekula nini, hukusikiliza ukilalamikia nyumbani, na akishajua pale ulipo mpweke ndipo huomba. Nakuambia haya ili ujue kwamba mtego ulitegwa na mtu anayejua kutega. Ulikataa mara mbili. Kosa la kutisha na kudai fedha ni lake, na utakapolisimulia jambo hili popote, lisimulie hivyo.

Sheria nayo inakutambua. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono za mtoto kwa njia ya kompyuta au simu. Nenda polisi, katika Dawati la Jinsia na Watoto, ukiwa na mtu mzima unayemwamini. Waonyeshe vitisho na ule muamala, na usiitume ile picha kwa mtu yeyote kwa jina la ushahidi.

Najua kwamba neno gumu kwako ni hilo la mtu mzima. Zamani hapa Tanga mwari alikuwa na somo wake, mwanamke asiye mama yake, ambaye angeweza kumweleza jambo la mwili au la mwanamume bila kukemewa. Mimi nilikuwa naye, na nakumbuka kwamba yapo niliyomwambia yeye ambayo mama yangu hakuyajua mpaka nilipokuwa na watoto. Siku hizi wasichana wengi wamebaki na simu badala ya somo, na naliona hilo kuwa hasara kubwa kuliko tunavyokubali. Kwa hiyo mtafute wa kwako: mama mdogo, shangazi, bibi, au mwalimu wa unasihi shuleni. Hata hivyo ningependa mama ajue, kwa kuwa fedha zake zimepungua na huenda ameshaanza kumshuku mtu asiyehusika. Ngoja amalize biashara ya asubuhi, kisha mwambie, "Mama, nina jambo zito, naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujasema." Mpe barua hii aisome mwenyewe ikiwa ulimi utakataa. Anaweza kukasirika, pengine kwa sauti kubwa. Hasira ya mama hupita, na baada yake mtakuwa wawili dhidi ya mtu mmoja.

Kuhusu picha yenyewe, ipo huduma ya bure iitwayo Take It Down, ya kituo cha Marekani kinachoshughulikia watoto waliopotea na wanaonyanyaswa. Simu yako hutengeneza alama ya tarakimu kutokana na picha, na alama hiyo pekee ndiyo inayotumwa, picha ikibaki kwako. Mitandao iliyojiunga, kama Facebook, Instagram na TikTok, huitumia kuitambua na kuiondoa. Haiwezi kufika ndani ya ujumbe uliofungwa kwa siri, kama ule wa WhatsApp.

Na kama yuko msomaji ambaye alikwenda gesti na akalazimishwa, asingoje aibu ipoe. Aende Hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu, bila kuoga na bila kufua nguo alizovaa, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazina budi kuanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndivyo bora, kisha humezwa kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo hufanya kazi vizuri zaidi vikimezwa mapema.

*Shangazi, mimi ni mvulana wa miaka 17, naishi Makorora. Katika kundi letu la WhatsApp la darasa imerushwa picha ya msichana tunayesoma naye akiwa uchi. Wengine wanacheka. Mimi sijasema kitu. Nikijitoa wataniita msaliti.*

Mwanangu, ukimya wako unakusumbua, ndiyo maana umeandika. Usiitume kwa mtu wala usimwonyeshe rafiki, kwa kuwa anayeisambaza picha ya mtoto anatenda kosa lile lile la aliyeirusha kwanza, hata kama alidhani ni mzaha. Andika jina la aliyeirusha na saa, mweleze mwalimu unayemwamini siku hiyo hiyo, kisha ifute, na uangalie pia hifadhi ya picha katika simu, kwa maana WhatsApp huweza kuziweka humo zenyewe. Katika kundi andika sentensi moja tu: "Futeni, huyu ni mwenzetu." Mara nyingi wako wengine watatu au wanne wanaosubiri mtu wa kwanza aseme. Msichana mwenyewe, ukikutana naye, usimuulize ilikuwaje. Mwambie pole, na umsalimie kesho kama ulivyomsalimia jana.

*Shangazi, binti yangu ana miaka 14, tunaishi Pongwe. Nilimkuta akichati usiku na mwanamume asiyemjua, nikamnyang'anya simu. Tangu siku hiyo hasemi nami. Nimrudishie?*

Mrudishie, dada yangu, lakini kwa masharti mtakayoyaweka pamoja: simu ilale sebuleni usiku, yako pia, na akaunti yake isionekane na wasiomjua. Nimeiweka barua yako mwisho makusudi, ili uisome baada ya ile ya Ngamiani. Binti anayejua kwamba akisema atapoteza simu na kupata kipigo hulipa zile 20,000 kimya kimya. Kabla ya kumrudishia, kaa naye mkipepeta mchele au mkisuka nywele, umweleze kwamba hata akikosea vibaya sana anaweza kuja kwako, na kwamba siku hiyo utasikiliza kwanza. Halafu umtajie ile namba 116, kwa ajili ya jambo ambalo atashindwa kukuambia wewe.