Mapambo ya ndani ya Harrier tako la nyani: tafuta gari lililochinjwa, usikusanye vipande

Mkuu, umeuliza upate wapi mbao za dashibodi na paneli za milango za Toyota Harrier yako ya modeli ACU30, hii tunayoiita tako la nyani, ile 240G ya plastiki tupu, uibadilishe mwenyewe ndani ifanane na ya L Package, yaani ile iliyopambwa zaidi ndani. Wadau wamekujibu "nenda Ilala" na "agiza Dubai". Hawajakosea, ila ukienda na jibu la namna hiyo utarudi na mfuko wa vipande visivyokaa pamoja. Mimi ya kwangu niliibadilisha kwa mikono yangu, nikaja kuwasaidia na jamaa wengine wenye gari kama hilo, kwa hiyo niruhusu niandike kwa kirefu.

Kubwa kuliko yote: usitafute kipande, tafuta gari. Yaani mpate muuzaji aliyechinja Harrier nzima, aliyeifungua ili auze spea zake, mbao, paneli za milango, konsoli na ikiwezekana viti bado vipo, uchukue vyote kwa pamoja. Mbao hizi kwa sehemu kubwa ni plastiki iliyopakwa picha ya mbao, kisha ikafunikwa vanishi ngumu. Jua likizipiga miaka kumi na tano, kila gari linapauka kwa namna yake. Nimewahi kuviweka vipande viwili juu ya boneti mchana kweupe, namba ya nyuma ni ileile, lakini kimoja kina wekundu wa kuiva na kingine kimekuwa kama chai ya maziwa upande uliokuwa dirishani. Dukani kwenye giza vilikuwa mapacha. Ukivifunga ndani ya gari, jicho litakwenda hapohapo kila ukishika usukani. Kwa hiyo hata kama unanunua seti, itoe nje juani, iinamishe taratibu uone vanishi. Ile nyufa nyembamba kama utando wa buibui haiondoki kwa kupiga polishi.

Kabla hujatoka nyumbani fungua boneti, utafute kile kibao cha chuma chenye chesisi namba, kwa Toyota za Japani mara nyingi kipo kwenye ukuta nyuma ya injini. Pale kuna mstari wa rangi ya gari na pembeni yake kodi (code) ya TRIM. Hiyo kodi ndiyo inayosema ndani ya gari lako kulitoka rangi gani na kitambaa au ngozi gani. Piga picha. Kisha ingiza chesisi namba kwenye katalogi za mtandaoni, mimi natumia PartSouq na Amayama, zinakufungulia mchoro wa kila paneli na namba yake. Toyota wana utaratibu mzuri: paneli ya mlango wa mbele kulia huanza na 67610, mbele kushoto 67620, za nyuma 67630 na 67640. Kile kipande kinachobeba swichi za vioo kulia ni 74231, kushoto 74232. Herufi na tarakimu za mwishoni kabisa, mfano B0 au C0, ndizo zinazotofautisha rangi. Usishangae namba iliyochongwa kwenye plastiki yenyewe kutofanana na ya katalogi, ile mara nyingi ni ya kiwandani na haina rangi. Linganisha umbo, matundu na rangi kwa macho.

Sasa Dubai na Sharjah. Spea za Lexus RX330 zimejaa kule, na RX330 na Harrier hii ni ndugu wa tumbo moja, ndiyo maana watu wanashawishika. Lakini magari ya Ghuba usukani upo kushoto. Dashibodi yote ni kinyume chake, vipande vyake vya mbao havitaingia hata ufanyeje, na mlango wa dereva wenye swichi kubwa ya vioo uko upande wa pili. Paneli za milango ya nyuma ndizo zina matumaini, na hata hizo omba picha ya soketi kabla ya kulipa. Ukitaka ya Lexus, tafuta iliyotoka Uingereza au Australia, huko usukani uko kulia kama kwetu.

Sehemu inayowasumbua wengi ni pale katikati. Harrier hii gialeva yake haipo chini sakafuni, imechomoza kwenye dashibodi, kwa hiyo fremu ya gia, redio na vitufe vya AC ni familia moja. Gari lililotoka kiwandani na skrini ya ramani na lile lisilo na skrini pale hapafanani. Ukinunua fremu ya lenye skrini ukaipeleka kwenye lako lisilo nayo, utabaki na shimo, au utajikuta unanunua skrini, vitufe na waya wake wote. Piga picha ya katikati ya gari lako, muoneshe muuzaji, na usikubali lile neno la "itakaa tu bosi".

Kwa Dar nenda Ilala Shaurimoyo na Gerezani, nenda asubuhi, na nenda siku ya kazi. Winga, yaani dalali wa spea, atakupokea barabarani kabla hujafika dukani. Si mbaya, wengine wanajua stoo ipi ina nini kuliko wenye maduka, lakini sema mwanzoni kabisa kwamba unataka kuona gari au mzigo wote ulikotoka. Anayekuletea kipande kimoja kimoja mkononi anakusanya huku na huku, na ndipo rangi zinapogongana. Bei ya kwanza ni ya mgeni. Uliza bei ya seti nzima, usiulize ya kimoja kimoja, maana ukianza kujumlisha klipu na vifuniko vidogo unaumia.

Na hapa niseme bila kuficha, wakuu. Swichi za vioo na saiti mira ni vitu vinavyoibwa sana mjini kwetu, ndiyo maana tunachora namba za gari kwenye vioo na taa. Geuza kila kipande. Ukiona mahali pamekwanguliwa kwa msasa au kisu, au waya umekatwa kwa pupa badala ya soketi kuchomolewa, kiache. Kupokea mali ya wizi ni kosa kisheria, na kuna mwenzako ameamka asubuhi akakuta mlango wake mtupu. Chukua risiti yenye jina la duka. Muuzaji wa halali haoni tabu kukuandikia.

Kuagiza Japani mwenyewe kunawezekana, na kwa vipande vidogo vidogo naona ndiko kuzuri zaidi. Yahoo Auctions ya kule, mnada wa mtandaoni, ina Harrier zilizochinjwa, unanunua kupitia wakala kama Buyee au ZenMarket. Andika modeli yako, ACU30, pamoja na namba ya kipande. Picha zao huwa za kweli na kasoro wanazionesha kwa ukaribu. Seti ya mbao ni nyepesi, usafiri hauumizi sana. Paneli za milango ni kubwa, zinakula nafasi ya boksi, na gharama ya ndege inaweza kuzidi bei ya paneli zenyewe. Kumbuka ushuru unapigwa juu ya bei, bima na usafiri kwa pamoja, halafu VAT inakuja juu yake, asilimia 18.

Ukishapata mzigo, usiufungue mlango kwa bisibisi ya chuma. Nunua vile vifaa vya plastiki vya kubandulia paneli, bei yake ni ndogo na vinaokoa kingo. Skrubu zimejificha nyuma ya kifuniko kidogo cha mkono wa kufungulia na ndani ya pale unapovutia mlango. Zikitoka zote, anza kubandua chini, klipu moja baada ya nyingine, kisha inua paneli kwenda juu itoke kwenye ukingo wa kioo. Usivute kuja kwako. Klipu zitavunjika, hiyo ni hakika, za Toyota nyingi namba zake huanza na 90467, nunua mpya kabla hujaanza kazi. Ile nailoni iliyogandishwa kwa gundi nyeusi nyuma ya paneli irudishe ilivyokuwa. Mafundi wengi huichana wakaitupa, mvua ya masika ikija maji yanaingia miguuni na mwenye gari anahangaika kutafuta yanapotokea.

Ukifika kwenye usukani au viti vya umeme, chomoa kwanza waya hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote. Soketi za njano ni za eabegi. Usizipime kwa taa ya kupimia, usiunganishe waya wake kienyeji. Kama hujawahi, sehemu hiyo mpe fundi umeme anayeaminika, mengine yote utayafanya mwenyewe.

Zile mbao za stika zinazouzwa kwa seti, sizipendi. Gari likishinda juani gundi inalainika na kona zinaanza kunyanyuka. Kama umekosa paneli za ngozi, bora ubandue zako za kitambaa umpelekee fundi wa kushona kava za viti, achague ngozi ya rangi ile ile ya kiti na ashone lile eneo la kuegemeza mkono tu. Kazi hiyo ikifanywa vizuri inapita paneli mtumba iliyochoka.

Tupia hapa picha ya kibao chako na ya dashibodi pale katikati. Nikiona kodi ya TRIM na kama una skrini ya kiwandani, nitakuandikia namba za vipande unavyohitaji ili ukifika dukani uwe na karatasi mkononi.