Kabla hujanunua dawa ya kuotesha nyama, lione kwanza kubazi

Baba yangu ni mzee wa Ngamiani, Tanga, mtu wa baiskeli na makubazi. Ana kisukari. Kijimsumari kilichomoza ndani ya kubazi kikamtoboa unyayo, na kwa vile miguu ilishaingia ganzi, hakusikia kitu. Sisi tuliona damu sakafuni.

Kidonda kikaingia mwezi wake wa pili, bado kiko wazi. Shemeji akaniletea kwenye simu tangazo la krimu yenye “kichochezi cha ukuaji”. Nusura niuze cherehani.

Tangazo halikuzua kila kitu. Vichochezi hivyo vipo. Stanley Cohen, mwanasayansi Mmarekani, aliwadunga vitoto vya panya majimaji ya tezi za mate, wakafumbua macho kabla ya siku zao. Humo akapata protini ndogo ya asidi amino 53, na mwaka 1986 akapewa Nobeli pamoja na mwanasayansi mwenzake, Rita Levi-Montalcini. Protini hiyo hupiga hodi kwenye seli za ngozi na za utando wa ndani ya mwili. Seli ikiitika, hugawanyika na kusogea kufunika palipochubuka. Kuba wameifanya sindano, Heberprot-P, inayochomwa ndani ya vidonda vya miguu ya wenye kisukari. Kichochezi kingine cha ukuaji, palifermini, kiliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa vidonda vya mdomo vya wagonjwa wa saratani ya damu wanaopata tiba kali. (Mwenye uvimbe wa saratani asijipake ovyo: zipo dawa za saratani ambazo kazi yake ni kuuziba mlango huohuo unaobishwa hodi na protini ya Cohen.)

Lakini kidonda sugu kimejaa vimeng'enya vinavyoikatakata protini ya namna hiyo kabla haijafika mlangoni. Penye usaha na nyama mfu, unapaka hela. Na mguu usiofikiwa na damu, au unaokanyagiwa kutwa, hauzibi.

Nesi aliyekuja kumfunga baba hakuuliza habari za krimu. Aliuliza, “Shikamoo mzee, unatembelea nini?” Baba akanyamaza. Alikuwa analivaa kubazi lilelile, juu ya bandeji!

Basi tukaanzia hapo. Nyama mfu ikaondolewa kliniki, kidonda kikaoshwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, sukari ikapimwa kila asubuhi, mguu ukapumzishwa, baiskeli nikaifungia kufuli. Kila jioni namulika nyayo zote mbili kwa tochi ya simu, hata kati ya vidole. Kilichukua miezi minne kuziba.

Kubazi nililificha juu ya kabati. Juzi nimemkuta kapanda kigoda, analitafuta.